Mabakuli ya Malsun

Pyo Malsun aliuza vitoweo katika soko la mji wa Jeonju kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumshinda kwa maneno. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kimchi yake, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Basi siku alipokuta vikopo vya plastiki vya duka lake mwenyewe vimeziba mfereji ulio nyuma ya soko, jina lake likisomeka vizuri kwenye vifuniko, alikosa wa kumgombeza ila yeye mwenyewe. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

Kesho yake akanunua mabakuli mia moja ya stili. Mteja angebeba kitoweo chake ndani ya bakuli, ale, kisha alirudishe. Eunsil, binti yake aliyeuza naye, alicheka.

"Mama, watakupora mchana kweupe."

"Wateja wangu nawajua."

"Haya. Jumamosi ikifika hayajarudi, naagiza vikopo. Hatuwezi kuwapimia watu viganjani."

Malsun alikubali kwa kiburi, lakini kiburi kile kilipungua siku hadi siku. Wateja walikuja walewale, wakamsalimu kwa heshima zote, wakatazama pembeni, wakabeba bakuli jingine. Kufika Ijumaa rafu ilikuwa tupu. Eunsil wala hakumsimanga. Alishika simu tu, namba ya muuza vikopo ikiwa tayari, na hilo lilimuuma mama yake zaidi.

Malsun akavua aproni, akaenda kubisha kwa Bang Oksun, mteja wake wa siku nyingi. Mabakuli manne yalikuwa yamepangwa jikoni, yamesuguliwa yakang'aa.

"We Oksun, unafungua duka?"

Oksun alishika shavu. "Dada, ningeyarudishaje matupu? Nangojea matunda yangu ya persimoni yaive nikutilie mawili matatu. Wewe ni mkubwa wangu, jamani."

Malsun alijipiga paji la uso. Yeye mwenyewe, tangu utotoni, hajawahi kumrudishia jirani chombo kitupu. Mama yake angemchapa. Ameazimisha vyombo mtaa mzima, na adabu ya kwao akaisahau. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Basi yarudi matupu, nimeruhusu," alisema.

"Ukisema hivyo ndiyo hataleta mtu."

"Kweli. Waambie watie pilipili moja. Moja tu, nitajihesabu nimeheshimiwa."

Oksun alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa, na kwaya ile ilijua kueneza habari kuliko kuimba. Jumamosi asubuhi foleni ilifika kwa wauza samaki. Pilipili moja nani aliisikiliza? Walileta vitunguu saumu, viazi vitamu, njugu za kuchemsha zikitoa mvuke. Mzee mmoja alileta yai, akaomba radhi kwamba kuku wake ni mmoja.

"Huyo kuku ana adabu kuliko binti yangu," Malsun alimjibu, machozi yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

Adhuhuri rafu ilijaa, meza ikajaa, mabakuli yakapandiana hadi dirishani. Eunsil alitazama pande zote akitafuta pa kuweka kiwiko. Akapiga simu, watu wote wakimsikia.

"Vikopo usilete," alisema. "Hapana, si bei. Hatuna pa kuviweka."