Siku Baba Alipoiacha Boti

Harufu ya petroli ilimtangulia baba nyumbani. Kabla hatujasikia miguu yake kwenye majani makavu ya migomba, mimi na mama tulikuwa tumeshajua kwamba amepanda kutoka mtoni, na mama alikuwa amekwisha kusogeza chungu bila kuambiwa. Ilikuwa harufu kali, yenye uzito wa oili ndani yake, na ilikaa katika shati lake la kaki, katika nywele zake, hata katika ndizi alizotumenyea. Wanaume wengine wa kijiji chetu cha Bugomora walinukia moshi, kahawa na ng'ombe. Baba yangu peke yake alinukia mashine, na kwa sababu hiyo nilikwenda shuleni nikitembea kama binti wa mkubwa fulani.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Ta Leonsi, yaani Mzee Leonsi, mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, msimu ambao kila ua ulikuwa na mikeka ya kahawa inayokauka juani, alileta boti ya mbao yenye injini ndogo ya kufunga nyuma, ili magunia na watu wavuke Mto Kagera upesi kuliko kwa mitumbwi. Alimchagua baba kwa sababu baba alizaliwa karibu na maji na aliogelea kama fisi maji, jambo ambalo wachache kwetu waliliweza. Akamfundisha kwa siku chache, akamwachia mashine, akarudi kwenye biashara zake katika soko la Omurushaka.

Kila jioni baba aliifungua injini, akaibeba begani kupanda kilima, na kuifunga kwenye gogo nyuma ya nyumba asije mtu akaiiba. Asubuhi niliteremka naye mtoni kabla ya shule, maana nilipenda kuona ikiamshwa. Kwanza alilegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi ili hewa iingie. Kisha alifungua koki ya mafuta, akangoja petroli ishuke kwenye mpira, akabonyeza kitufe cha kabureta kwa kidole gumba, taratibu, mpaka matone yaanze kudondoka. Hapo aliacha mara moja, akapangusa kila kilicholowa kwa kitambaa, akasubiri kidogo. Mwisho alizungusha kamba kichwani mwa injini na kuivuta kwa nguvu. Kazi hiyo yote aliiita kuinywesha. "Isipokunywa haiamki, Koku," aliniambia. "Na ukiizidishia, inatapika." Nilimtazama akifanya hayo nikaamini kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda.

Mama hakuwahi kukanyaga boti ile. Hakujua kuogelea, na mjomba wake aliuawa na kiboko kwenye mto huohuo. Lakini msimu ule habari zilikuja kwamba bibi, mama yake, anaumwa huko ng'ambo, na kwa mtumbwi aliogopa zaidi. Jumamosi moja akamfunga mdogo wangu Felisi mgongoni, akachukua kikapu cha ndizi mbivu na chupa ya maziwa, tukateremka. Ukingoni alisimama muda mrefu.

"Mama Koku, unaogopa nini?" baba alimwuliza, akicheka kwa upole. "Nipo mimi."

Mama akaingia, akaketi mbele, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Mvua ya huko mto unakotoka ilikuwa imeujaza. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yakipita na vipande vya mafunjo vilivyong'olewa. Baba aliinywesha mashine, ikaamka, tukaondoka. Alikuwa na furaha kwamba hatimaye mke wake anaiona kazi yake, na alizungumza kwa sauti kubwa kuishinda injini. Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomsahaulisha skrubu ya hewa. Tulipofika katikati, injini ilikohoa mara kadhaa, ikanyamaza. Ghafla tukausikia mto.

Baba hakuonyesha wasiwasi. Aliiona skrubu, akailegeza, akaanza kubonyeza kitufe. Lakini boti ilikuwa imegeuka ubavu na mkondo unatuchukua kuelekea chini, mahali maji yanapogonga mawe, na kidole chake hakikwenda taratibu tena. Alibonyeza, akabonyeza. Petroli ilimwagika kwenye injini ambayo bado ilikuwa ya moto, ikatiririka mkononi mwake, ikalowesha mkono wa shati. Niliona kitambaa kimelala karibu na mguu wake. Hakukichukua. Alizungusha kamba, akavuta.

Moto haukuja kama moto wa jikoni unaoanza kidogo. Ulikuwepo tu, mara moja, juu ya injini na juu ya mkono wa baba. Alisimama. Alitutazama, hilo nina hakika nalo, maana macho yake yalikutana na yangu. Kisha akaruka majini.

Nilingoja ashike ukingo wa boti. Niliona kichwa chake kikiibuka, nikanyoosha mkono. Hakugeuka. Alipiga maji kwa nguvu kuelekea ng'ambo, akawa mdogo, na sisi tukaendelea kuchukuliwa. Nilikuwa na umri wa kuelewa kilichotokea, ila mwili wangu ulikataa. Nilibaki na mkono wangu umenyooka juu ya maji, na sijui ningebaki hivyo hadi lini kama mama asingenipiga kofi begani.

"Koku, gunia," alisema. "Lilowesheni."

Aliniambia kama vile tuko wengi. Kulikuwa na gunia tupu la kahawa miguuni mwetu. Nililichovya mtoni, likawa zito, tukalivuta pamoja. Mama akatambaa nalo hadi nyuma, Felisi akilia mgongoni mwake, akaitupia injini gunia lile na kulikandamiza kwa mikono yake. Moshi mweusi ukatoka pembeni. Kisha akaingiza vidole chini ya gunia, akatafuta koki, akaifunga. Moto ulipokufa, alichukua kafi iliyolala ubavuni na kuanza kupiga maji upande mmoja, vibaya, bila kujua, akitusukuma kuelekea mafunjo ya upande wetu. Mimi nilipiga maji kwa viganja. Pua ya boti iliingia katika mafunjo, ikakwama. Tuliyashika mashina yake mpaka wavuvi wenye mtumbwi walipotusikia.

Baba alirudi kabla jua halijazama, amevushwa na watu wa ng'ambo. Mkono wake ulikuwa umevimba malengelenge. Mama alimpaka siagi ya ng'ombe, akamwekea chakula. Hakukigusa.

"Niliruka," alisema.

"Tulikuona," mama akajibu.

Mama akakiondoa chakula, akakifunika. Siku zilizofuata baba hakunitazama usoni, nami nilimkwepa. Nilihisi kama kuna mgeni aliyeingia nyumbani akiwa amevaa nguo za baba.

Mkono ulipoanza kupona na injini kusafishwa, mama alisema jioni, huku akimenya ndizi, "Kesho tunavuka. Mama yangu bado mgonjwa." Nilidhani anamaanisha kwa mtumbwi. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye boti, na safari hii hakuketi mbele. Aliketi nyuma, goti lake likiigusa injini, akanivuta kando yake. Baba alilegeza skrubu, akafungua koki, akabonyeza. Matone yakatawanyika juu ya injini. Alipoishika kamba, mama alisema kwa sauti ya kawaida, "Ifute kwanza." Akafuta. Tukasubiri. Akavuta.

Tulimkuta bibi ameketi uani, amepata nafuu kidogo, akituuliza kwa nini tumechelewa hivyo.

"Mashine ilisumbua," mama alisema. Sikumsikia akilizungumzia jambo lile tena mpaka alipokufa.

Siku hizi ukivuka huko, injini ni kubwa, na kijana wa boti anaminya tu kipira kilicho kwenye mpira wa mafuta, akitazama simu yake. Wajukuu wangu nao wana desturi ya kuwaambia wazazi wao waziwazi walipowaumiza, na wazazi huomba radhi, na mimi huwasikiliza nikistaajabu kwamba maneno hayo yapo. Sisi hatukuwa nayo. Baba aliendesha boti ile misimu mingine kadhaa, akazeeka, tukamzika kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, nami sikumwuliza. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipogundua kwamba siku ile alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho alivyo leo. Kuruka kwake nimekwisha kukuelewa, kwa kuwa moto ni moto. Jambo ambalo bado linanishtua, na umri huu wote, ni kwamba jioni ile alipanda kilima na kuingia mlangoni, akijua kwamba tulimwona.