Dawa Iliyovikwa Ngozi

Nilikuwa mwaka wa tatu nikisomea ufamasia Dar es Salaam niliporudi Bariadi likizo na jambo moja kichwani. Katika jarida la maktaba nilikuwa nimesoma juu ya vifuko vya mafuta, vidogo kiasi kwamba hadubini za darasani kwetu zisingeviona. Vimetengenezwa kwa kuiga utando unaozunguka seli za mwili, ndani yake imefungiwa dawa ya saratani. Vikipita kwenye damu, mwili unavidhania ni vyake; vikifika kwenye uvimbe, ambako mishipa ya damu inavuja, vinapenya. Nilibisha moyoni. Nani aliuuliza mwili unadhani nini?

Nyumbani, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na saratani ya titi. Alikwisha kutundikiwa dripu ya ile dawa nyekundu ya saratani Dar, akarudi bila nywele, akaapa hatakwenda tena. Likizo ikiisha tulipaswa kusafiri pamoja kwa dozi nyingine.

"Wewe ndiye msomi," baba aliniambia. "Mlainishe."

Haikuwa rahisi. Miaka ile kila mwenye mzani alinunua pamba, na kila mwenye kabati alifungua duka la dawa. Shangazi alikuwa na chupa ya sokoni iliyodaiwa kuponya saratani, kisukari na ugumba.

"Hii angalau hainitapishi," alisema.

Jioni nilimfuata zizini. Nilimweleza kwamba ile dawa nyekundu haichagui; inapiga seli zote zinazozaliana haraka, za uvimbe, za nywele, za utumbo.

"Kama sungusungu walevi," alisema. "Wanamtafuta mwizi, wanachapa kijiji kizima."

Ndipo nikamsimulia vile vifuko. Alicheka, akanionyesha ng'ombe aliyekuwa akimkamua. Ndama wake alikufa. Walimchuna, wakamfunga ngozi yake ndama mwingine aliyefiwa na mama. Ng'ombe alikuwa akimlamba yatima yule na kuachia maziwa.

"Hiyo dawa yenu wameivika ngozi," alisema. "Hao wazungu wako wanafuga?"

"Ng'ombe ana pua, shangazi. Seli haina."

"Ng'wanone, mwanangu, wewe utabishana hata na maziwa yaliyokwisha kuingia kwenye kibuyu."

Niliutazama ulimi wa ng'ombe ukipita juu ya ile ngozi. Hapo ndipo uzuri wa wazo lile uliponiingia. Wakati wengine walitafuta sumu kali zaidi, mtu fulani alikaa maabara akajiuliza mwili hukaribisha nini.

"Hiyo yenye ngozi ipo Dar?" shangazi aliuliza.

Baba alikuwa akifunga lango la zizi. Alinitazama, akainamisha kichwa taratibu kuniashiria niseme ipo.

"Haipo," nilisema. "Ipo nchi za mbali, na hata huko haimponyi kila mtu."

Baba aliguna. Shangazi aliendelea kukamua.

"Hii isiyo na ngozi, umesema ndiyo iliyong'oa nywele?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyeielekeza kichwani."

"Hakuna."

"Basi hata kwenye titi imefika."

"Kufika si kuponya, shangazi."

"Najua. Lakini sitairudisha njiani."

Alisimama, akampa baba maziwa, akamwambia amtafutie ndoo yenye mfuniko, maana kwenye treni ya kurudi kutoka Dar atatapika, na hataki kuwachafulia watu behewa.