Linux Tatu na Neno Moja la Siri

Ujuzi wangu wa kompyuta ulikuwa wa kusoma magazetini, lakini ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, hapo Changamwe, ilinikabidhi seva, kompyuta kuu ya ofisi. Tajiri wetu, Mzee Abeid, hapendi kulipia kitu. Nikamshauri tuiendeshe kwa Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Akafurahi.

Nikaiweka kwa CD ya kuazima, nikaichagulia na neno la siri. Ilipowaka ikaniuliza jina, nikaandika, likaonekana. Ikataka lile neno la siri. Nikaandika, nikangoja herufi zitokee ndipo nibonyeze enta. Haikutokea hata nukta. Nikaamua hiyo ni mbovu. Linux ziko aina nyingi, basi nikatafuta nyingine, nikaipa neno lile lile. Mambo yakawa yale yale. Ya tatu nayo ikanigomea, na huku mizigo ya watu imelala bandarini.

Mzee Abeid akaja mwenyewe, akavuta kiti.

"Hebu nitajie hilo neno, niandike mimi."

"Andika, ami, utaona halitokei," nikamjibu kwa ukali wa fundi. "B. A. H. I..."

Hapo ndipo nilipokumbuka nimechagua neno gani, na nilikuwa nikimfikiria nani.

"L. I," akamalizia mwenyewe, taratibu. Kioo hakikuonyesha kitu. Yeye hakungoja, akabonyeza enta.

Seva ikafunguka.

"Linux hii haina ila yoyote, wallahi," akasema bila kugeuka. "Bahili ameingia."