Aliyeiita Nyongeza Hasara

Miaka yote niliyouza dagaa pale Katonga, kando ya ziwa, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha namna ya kumpimia mteja. Kisha nikaajiri mhasibu.

Nilimhitaji kweli. Biashara ilikuwa imekua, magunia yanaondoka kwa treni, na mahesabu yalikuwa yananishinda. Kijana alikuwa ametoka chuoni, shati limenyooka, shikamoo yake ya adabu. Wiki ya kwanza alizipanga risiti zangu vizuri hadi nikamsifia nyumbani. Wiki ya pili alisimama kando ya meza nikiuza, macho kwenye mkono wangu na sado, lile kopo langu la kupimia.

"Mama, sado imeshajaa. Hao unaowaongeza juu ni wa nini?"

Nikamwambia ni nyongeza. Akauliza inalipiwa na nani. Nilicheka, nikidhani ananitania. Jioni akanionyesha kwenye kompyuta: nyongeza yangu ameiweka upande wa hasara, pamoja na dagaa waliooza kwa kunyeshewa. Waliooza! Akasema nisipoiacha nitafunga biashara. Akanitia hofu, nikakubali.

Kesho yake akaja mama mmoja wa Kalinzi, mteja wangu mkubwa, anayepandisha dagaa milimani kwa pikipiki na kuwauza huko. Nikampimia sado zake, kila moja nikiisawazisha kwa kiganja. Nilipomaliza, akabaki ameushika mfuko wazi. Nikajifanya natafuta chenji.

"Nyongeza je, dada?"

"Mhasibu amekataza."

Akamtazama yule kijana, kisha akanitazama mimi. "Ego, ndiyo, nimesikia," akasema, akafunga mfuko wake. Safari iliyofuata alinisalimia vizuri tu, akapita kwenda kununua kwa jirani. Wenzake wakamfuata. Niliumia, tena sana, na huyu kijana ananiambia nivumilie, eti soko litajirekebisha lenyewe. Soko gani? Soko ni wale wanawake!

Jumamosi moja kijana alikuja bila kompyuta. Alitaka sado moja ampelekee mama yake Kasulu. Nikapima, nikasawazisha, nikammiminia. Hakuufunga mfuko. Alisimama ameupanua mdomo wa mfuko, ananisubiri.

"Unangoja nini?"

"Si nyongeza kidogo tu, mama," akasema, anatabasamu.

Nilimpokonya ule mfuko, nikaufunga mwenyewe, nikamwambia Jumatatu asije.