Joho Lililopungua Inchi Mbili

Mama Pindo alikuwa fundi wa majoho ya kwaya tangu kanisa lao likiwa turubai, na miaka yote hiyo ndiye aliyeanzisha nyimbo. Basi mchungaji aliposema Jumapili ijayo ataanzisha wifi yake, dada wa mumewe, aliyeokoka juzi tu, wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki: hautemeki, haumezeki.

Wifi alikuja kupimwa. Kifua, inchi arobaini. Mama Pindo akaandika thelathini na nane. Kalamu haikuteleza, msidanganyike, aliona alichoandika. Ila mkono wa fundi una mazoea yake. Wakati wa kukata uliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, kama siku zote.

Jumatatu, wifi alipolijaribu, joho liligoma kwapani. Akavuta pumzi aimbe ule mstari wa juu, ikatoka sauti ya kuku anayekabwa.

"Wifi, ndiyo nimenenepa hivi?"

"Umri huo, mwenzangu. Kwani mimi sijioni?" alijibu Mama Pindo, akijifanya anatafuta pini.

Siku ile alipika huku akiimba.

Ijumaa wifi akarudi, macho yameingia ndani, akamwekea Mama Pindo joho mapajani.

"Siku tano nashindia uji mwepesi, na bado halinitoshi. Nimemwambia mchungaji uimbe wewe. Na ni haki yako, wifi. Si wewe uliyenifundisha kusali?"

Alichokitaka kimemfuata mpaka mlangoni. Kilichobaki ni kusema asante tu. Lakini neno lile la kusali lilimchoma. Kila asubuhi yeye husema, "Bwana, sema nami," kisha huyo, anainuka kabla hajajibiwa. Leo, na joho lile mapajani, hakuweza kuinuka.

"Hujanenepa," alisema. "Nilikupunguzia inchi mbili."

"Ulikosea?"

Mlango wa kutorokea ndio huo, na aliyeufungua ni mdhulumiwa mwenyewe!

"Sikukosea. Nilikuonea wivu. Na bado nakuonea, hata hivi tunavyoongea."

Wifi akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Njaa yote ile! Mwanamke wewe una roho ya mamba."

"Ninayo."

"Haya, fumua. Na chakula kiko wapi? Nitakula nikikutazama."

Akafumua, kwapa hili na lile, akatoa kitambaa kile cha akiba, machozi yakimdondokea vidoleni. Wifi akamaliza sufuria nzima, wala hakumkaribisha.

Jumapili ule mstari wa juu ulipanda ukafika ulikotakiwa kufika. Mama Pindo, safu ya nyuma, wivu nao ukampanda. Safari hii hakujidai kwamba haupo. Alimwonyesha Mungu vile vile ulivyo, na mikunjo yake yote, bila kuupiga pasi. Kisha akaitikia pamoja na wenzake.