Walivyonifanya Mwanafunzi

Chuo kilitundika picha yangu ukutani, kikaandika chini yake kwamba mimi ni mwanafunzi wake, na kwa sababu ya maandishi hayo nikafukuzwa kazi ya usafi niliyokuwa nikiifanya chuoni hapo hapo. Sikuomba kutundikwa. Sikumdanganya mtu. Aliyefanya haya ni Mama Mlezi wa Wanafunzi, akisaidiwa na mpiga picha wake, na wote wawili wako kazini mpaka leo. Naanza na hilo ili asitokee mtu akadhani ninasimulia bahati mbaya.

Shule niliionja tu. Nilikuwa darasa la pili mama yangu alipojifungua mapacha, na kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kuonekana kwa kubahatisha, mama aliniambia nikae nyumbani kidogo nimshikie mmoja. Kidogo hiyo haijaisha. Mapacha walipoanza kutembea akaja mwingine, huyo naye akataka mgongo, na mgongo uliokuwa karibu ulikuwa wangu. Herufi nazijua, nikipewa muda na mwanga nasoma jina la duka. Niliolewa na fundi bomba, nikaishi naye mpaka siku aliyosema amechoka kukaa na mtu asiyeweza kumjibu hata meseji. Mke aliyenifuata aliweza. Nikarudi kwa mama, naye alikuwa ameshapooza upande mmoja. Wale niliowabeba mgongoni kila mmoja alikuwa na nyumba yake na sababu zake.

Kazi ya chuo ndiyo iliyotuweka hai mimi na mama. Nilipewa bweni moja na ile korido ndefu ya jengo kuu. Asubuhi napiga deki korido kabla viatu havijaanza kupita, halafu naenda bwenini kufagia vyumba, kusugua mabafu na kuzibua masinki, kwa sababu vijana wanaosoma mambo ya maji na mitambo bado wanamwaga majani ya chai kwenye sinki.

Ukimfagilia mtu chumba kwa miaka, unamjua. Kulikuwa na kijana mrefu aliyekimbia vita kwao akiwa mtoto. Mpaka ukubwani alilala na viatu vimepangwa karibu na kichwa, vidole vikitazama mlango. Sikuvisogeza hata siku moja, nilifagia kuvizunguka. Kulikuwa na msichana mwenye ualbino aliyetundika kofia zake kwenye misumari, kila kofia akaipa jina la mwalimu, na mwalimu akimuudhi, kofia yake hainusi jua wiki nzima. Kulikuwa na viziwi wawili, ndugu wa baba mmoja, waliogombana kwa mikono mpaka wakaniangushia ndoo, kisha wakaniomba radhi kwa mikono hiyo hiyo. Kila mmoja aliniita kwa namna yake: huyu mama, yule shangazi, mwingine mama mdogo, mwingine dada tu.

Na kulikuwa na Redio. Huyu hakuona tangu kuzaliwa, na jina alipewa kwa sababu alizungumza kuanzia anapoamka.

"Mrembo, leo umevaa nini?" ananiuliza nikiingia na fagio.

"Sare."

"Rangi gani?"

"Ile ile ya jana."

"Imekupendeza kuliko jana."

Sasa nieleze jambo la sare, maana hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Kampuni ya usafi ilikuwa na amri: mfanyakazi aliyevaa sare asionekane ameketi. Haikujali kama ni saa ya mapumziko. Mteja akikuona umekaa na sare, atasema analipia watu wa kukaa. Chumba cha kupumzikia hatukuwa nacho. Kwa hiyo tulichofanya wafagiaji wote ni kuvua sare, kuikunja ndani ya mfuko wa plastiki, kukaa na nguo zetu za nyumbani kama watu waliokuja kumtembelea mgonjwa, kisha kuivaa tena. Mwenzangu wa vyoo vya chini, tuliyemwita Bonge, alikuwa akisema, "Mwenzangu, hapa miguu inapumzika kwa siri kama wezi."

Siku hiyo nilikuwa nimevua sare, nimekaa kwenye ngazi za maktaba na gauni langu la maua. Redio akapita, akaniwekea kitabu chake mapajani. "Nishikie, mrembo, naenda msalani. Usikisome chote, uniachie mwisho." Kilikuwa kile kitabu kikubwa cha nukta nundu. Nikakifungua, nikapitisha vidole kwenye vile vipele, nikaona ni sawa na vitabu vingine vyote: hata hicho sikijui.

Akatokea kijana mwenye kamera. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, usinyanyuke. Hivyo hivyo. Una muda gani hapa chuoni?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Wa tisa! Na hujakata tamaa?"

"Nikate tamaa niende wapi?"

Akacheka, akasema safi sana, akapiga picha nyingi. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaojifunza kupiga picha. Wapo wengi, wanapiga hata mabomba. Redio aliporudi kijana ameshaondoka.

Baada ya hapo ukuta wa korido yangu ukapigiwa misumari. Mama Mlezi alikuwa na mpango wa kusherehekea wanafunzi wa kila aina: waliotoka mbali, wasioona, wasiosikia, wenye watoto, wenye umri mkubwa. Picha zao zikatengenezwa kubwa, kila moja na maneno yake chini, zikafunikwa vitambaa mpaka siku ya uzinduzi. Mimi ndiye niliyefuta vumbi kwenye fremu, juu ya vitambaa vyao, nisijue ninajifuta mwenyewe.

Siku ya uzinduzi tulisimama nyuma na ndoo zetu. Vitambaa vikavutwa kimoja kimoja. Kijana mrefu akatokea, watu wakapiga makofi, naye akatazama chini. Msichana wa kofia akatokea bila kofia, mzuri, nikafurahi kama nimemzaa. Wale ndugu wawili wakatokea mikono ikiwa hewani. Halafu nikatokea mimi, na gauni langu la maua, vidole kwenye kitabu, macho mbali kama mtu anayewaza makubwa. Nilikuwa nawaza kama nimefunga bomba la bafu.

Bonge akanisoma kwa sauti ya chini: "Mwanafunzi mtu mzima, mwaka wa tisa. 'Nilichelewa kuanza, lakini sitaacha.'"

"Nani kasema hayo?"

"Wewe. Ndivyo ilivyoandikwa." Akajiziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. "Shikamoo, profesa. Kumbe tunafanya kazi na msomi, na choo cha pili kimeziba."

Nilimfuata Mama Mlezi papo hapo. Alikuwa amezungukwa na watu. Akanishika bega, akasema, "Hongera sana, mama, endelea hivyo hivyo," akapita. Sikumlaumu siku hiyo. Nilijua nina sare, na mtu mwenye sare hasomwi usoni.

Jirani yetu mmoja aliiona picha kwenye simu, akaja mbio kumwonyesha mama. Niliporudi nilimkuta mama ameegeshwa kwenye mto, machozi yanamshuka kwa jicho moja, lile la upande unaofanya kazi.

"Kumbe ulirudi shule," akasema. "Ulirudi usiniambie."

"Mama, wamekosea..."

"Nilikutoa mimi. Kila nikikuona na ndoo najua nilikutoa mimi. Sasa nikifa nitakufa vizuri."

Niambieni nani angemalizia sentensi yake. Nilimgeuza upande, nikamfuta uso.

Muda si mrefu kampuni ikaleta msimamizi mpya, maana wa zamani alihamishwa. Huyu hakumjua mtu. Alizunguka majengo akiangalia kila kitu kwa kidole kama mtu anayetafuta vumbi, akafika kwenye korido, akasimama. Kisha akaniita.

"Yule pale ni nani?"

"Ni mimi."

"Maandishi yanasemaje?"

"Yanasema uongo."

"Chuo kimetundika uongo ukutani?"

"Ndiyo, kaka."

"Mama, sikiliza. Zamani wanafunzi walipewa kazi hizi, vitu vya wenzao vikapotea vyumbani. Chuo chenyewe kikatuwekea sharti: mwanafunzi asishike ufunguo wa usafi. Leo wewe una ufunguo wa bweni zima, na sura yako iko pale. Wakinikamata na hilo, kampuni yote inatoka."

"Niulize swali moja tu la kimwanafunzi uone."

Hakucheka. "Lete mtu wa chuo aseme wewe si mwanafunzi. Neno moja tu. Mpaka hapo, nipe ufunguo."

Nikampa. Nikapanda ngazi kwenda kwa Mama Mlezi. Ofisi yake ina zulia, na nilivua viatu mlangoni kwa mazoea ya mtu aliyewahi kulifuta. Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa upole, hata akaniomba nikae, na sare yangu.

"Dada yangu, hujui ulivyotusaidia," akasema. "Tulikosa mtu mzima. Kijana wangu aliniambia kakupata maktabani, miaka tisa hujakata tamaa. Ningejuaje?"

"Sasa umejua. Nisemee kwa msimamizi."

"Tatizo wageni. Wanakuja kuona hizo picha. Tumewaambia zina kila aina ya mwanafunzi. Nikisema mmoja wao ni mfagiaji, watasema nini?"

"Watasema mmoja wao ni mfagiaji."

Akatabasamu. "Subiri waondoke. Waache tu waje, waone, waondoke. Nitashuka mwenyewe kwa msimamizi wenu."

Nikasubiri. Wageni walikuja, nasikia walisimama muda mrefu mbele ya picha yangu, mama mmoja akatoa leso. Mimi wakati huo nilikuwa nyumbani nikiosha mashuka ya mgonjwa. Mama ananiuliza mbona sijaenda, nikamwambia tumefunga chuo.

Redio hakukaa kimya, hawezi. Alimchukua msichana wa kofia, wakaenda mpaka kwa msimamizi. Msichana ndiye aliyenisimulia.

"Tulikuja kusema habari ya mama wa bweni letu," Redio alimwambia. "Hasomi hapa. Anatufagilia."

Msimamizi akamtazama. "Wewe huoni. Utaniambia nini kuhusu picha?"

"Picha sijaiona, kaka, kweli. Lakini sauti ya ndoo yake naijua kuliko unavyojua sauti ya mkeo."

Msimamizi alisema anataka mtu wa ofisi, si wanafunzi; wanafunzi wangemtetea mwanafunzi mwenzao, hata yeye angefanya hivyo. Msichana wa kofia alilia njiani. Redio alisema kofia ya Mama Mlezi ingefaa kuchomwa, akaambiwa hakuna kofia ya Mama Mlezi, akasema basi inunuliwe kwanza.

Wageni walipoondoka nilirudi kule juu. Safari hii niliachwa nimesimama.

"Nimeuliza," Mama Mlezi akasema, "nafasi yako imeshapata mtu. Sasa nikishuka kusema, itasaidia nini? Nitakuwa nimekiaibisha chuo bure."

"Utakuwa umesema kweli. Kuna sehemu nyingine wanaweza kunipeleka, wana majengo mengi. Ila msimamizi amekataa bila neno lako."

"Mama, ofisi hii inawasemea wanafunzi."

"Basi nisemee. Ukutani mimi ni mwanafunzi."

"Usinichezee. Wewe hujasajiliwa hapa. Siwezi kumsemea mtu asiye wa kwetu." Akavuta pumzi, akalainisha sauti. "Mbona hufikirii kujiandikisha kweli? Ungetupa raha sana. Una cheti cha sekondari?"

Nilimtazama mpaka akaangalia dirisha. Nikatoka. Kwa kazi nilikuwa mwanafunzi, kwa kusemewa nilikuwa mfagiaji, na ngazi zile nilizishuka sijui ninashuka kama nani.

Siku hizi nafua nguo za watu kwa kubahatisha. Nikienda kubisha hodi asubuhi, mama anajua naenda darasani. Nikirudi mikono imekauka kwa sabuni, ananiuliza, "Leo wamewafundisha nini?" Namwambia mengi. Anataka mfano. Nimeshamfundisha mambo ya mabomba niliyoyasikia kwa mume, na mambo ya nchi za mbali niliyoyasikia kwa kijana mrefu, na yanakaribia kuniishia. Anasema nisome hata akifa, nisikatize mtihani kwa ajili ya mazishi.

Bonge amekuja juzi kunitazama. Anasema aliyechukua nafasi yangu ni binti mwembamba, hajui kukamua tambara, anaacha maji sakafuni. Picha bado iko. Mama Mlezi ameongeza taa juu yake.

Sitaki picha ishushwe. Ikishushwa, jirani atamwambia mama. Pole yao pia siitaki. Ninachodai kiko hivi. Mpiga picha namdai amani kwa maneno aliyoniwekea kinywani, naye hajaja hata kuniuliza jina. Mama Mlezi wa Wanafunzi alinipa ahadi akiwa ameketi kwenye kiti chake, mimi nikiwa na sare: kwamba atashuka. Ngazi si nyingi, nimezipiga deki. Chumba cha msimamizi kiko chini kabisa, karibu na matangi ya maji, na mlango wake haufungwi mchana. Ninamdai aingie pale, kwa mdomo wake, amwambie yule mtu kwamba mimi sikuwahi kusoma chuo chake, na kwamba aliyeandika vile ni yeye. Hajashuka.