Friji Chini ya Kitambaa cha Sala

"Mama Koku, kwako kuna nafasi ya kuingia friji?"

Jirani yangu Mastura aliniuliza hivyo Jumapili mchana. Nilikuwa nimetoka misa, hata viatu sijavua.

"Friji la kufanya nini, Mama Nusrat?"

"La kuficha. Siku mbili tu."

Ngoja niwaeleze ili muelewe.

Mimi ni mjane, kwetu Muleba, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Mume wangu Rwekaza alifariki binti yetu Kokulinda akiwa darasa la pili. Shule yangu iliishia la saba. Nauza maandazi.

Mastura tunapanga naye nyumba moja, milango inatazamana. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, chumvi tunaazimana. Mume wake alikwenda kutafuta maisha, akayapata huko huko, hakurudi.

Sasa kulikuja shirika moja la msaada. Linafundisha ufundi wa friji na mitambo ya barafu, bure, kwa vijana wa familia duni. Miezi tisa, na mwisho unapewa boksi la vifaa vyako.

Huku ziwani samaki bila barafu ni hasara. Fundi friji halali njaa.

Koku wangu aliomba. Nusrat wa Mastura naye aliomba. Walimaliza kidato cha nne pamoja, wakakaa nyumbani pamoja.

Kabla ya kuchagua, wanakuja kukukagua nyumbani. Unalala wapi, unakula nini, una nini.

Ndiyo maana wiki ya ukaguzi mtaani kwetu utaona televisheni inatembea ndani ya shuka. Sofa linahamia kwa shangazi. Kila mtu anajitahidi kufanana na shida zake.

Kwa Mastura walikuwa waje Jumatatu. Kwangu Jumatano.

"Jumanne nalirudisha," akasema. "Mtoto anakwenda kusomea friji, mama anaficha friji. Mungu anisamehe."

Tukacheka. Tukalisukuma.

Friji lile ndilo lilikuwa likimgandishia barafu za kuuza. Ndilo lililokuwa linamlisha.

Nikalifunika kitambaa cheupe cha meza yangu ya sala. Juu nikaweka msalaba na sanamu ya Mama Maria. Ukiingia unaona altare kabisa.

Jumatatu saa tano, hodi.

Dada mmoja, Winnie, kishikwambi mkononi, ndiyo anatoka kwa Mastura.

"Shikamoo mama. Tumeona tumalize nyumba hii leo leo. Keshokutwa tuna kazi Kirumba."

"Marahaba," nikasema. Moyoni nikasema nimekwisha.

Aliniuliza mengi, nikajibu yote kwa ukweli. Halafu akainama, akainua pindo la kitambaa.

"Mama, hili ni friji?"

"Ni friji."

"Lako?"

Nikisema langu, nimedanganya mbele ya msalaba. Nikisema la Mastura, Nusrat kwisha habari yake.

Nikanyamaza.

Dada wa watu akaandika.

Baada ya wiki mbili majina yakabandikwa. Nusrat yumo. Kokulinda hayumo.

Mastura alikuja akanishika mikono yote miwili. "Mama Koku, sijui hata nisemeje."

"Usiseme. Mungu ndiye mpangaji."

Mdomo ndio uliosema. Roho ilikuwa imeshakunja ngumi.

Jamani, kijicho kibaya. Mimi niliyefunga Kwaresima zote, mimi niliyekuwa kiongozi wa jumuiya, nilikaa dirishani na rozari mkononi na kila Salamu Maria jicho liko kwa Nusrat.

Anatoka asubuhi na ovaroli ya bluu. Buti mpya. Nywele kazifunga vizuri.

Koku wangu anafagia uwanja, anamwambia, "Fundi, kazi njema." Anamwambia kwa kicheko, kama vile halimuumi.

Liliniuma mimi kwa niaba yake.

Jioni wanakaa barazani wanasoma daftari moja. Nusrat anamfundisha. Kompresa, sijui kondensa. Nikisikia mtoto wa watu anavyoyatamka, maandazi yanaungua.

Siku moja Nusrat alirudi kajikata kidole na bati. Nikamwosha, nikamfunga kitambaa, nikampa pole.

Na ndani yangu kitu kikafurahi.

Nilikiona. Nikakiogopa. Lakini sikukifukuza.

"Mama, mbona Nusrat akikusalimia humwitikii vizuri?" Koku aliniuliza.

"Namwitikia."

"Unamwitikia kama anakuomba andazi la bure."

Nikamwambia aende kuchota maji.

Mwezi wa tatu wa kozi, uvumilivu ukaisha. Nikavaa kitenge changu cha misa, nikaenda ofisini kwao. Njia nzima najiambia natetea haki. Siku hizi najua: shetani akitaka kumtuma mtu wa sala, humvalisha haki kwanza.

Mratibu, Bwana Machibya, alikuwa ametoka. Nikamkuta mzee mmoja mjumbe wa kamati. Nikamweleza kwamba yupo binti ameingia kwa hila, mama yake alificha mali.

"Andika, mama," akanisogezea karatasi. "Bila maandishi ni umbea."

Nikaandika. Mwandiko wangu wa la saba, ukurasa mzima. Jina la Mastura, jina la Nusrat, friji, tarehe. Nikasaini. Mzee naye akasaini, akagonga muhuri.

Ndipo Machibya akaingia. Akasoma kasimama. Akakaa, akasoma tena.

"Mama Kokulinda, haya nilikuwa nayajua."

"Unayajua?"

"Mama Nusrat alikuja hapa wiki ile ile tuliyobandika majina. Alikaa kiti hicho hicho ulichokalia. Akasema friji ni lake, na wewe ulinyamaza kumlinda. Akasema kama kuna wa kutolewa ni binti yake, nafasi apewe wako."

Nikakiangalia kile kiti nilichokalia.

"Nikamwambia abaki nayo. Barafu za shilingi mia si utajiri. Na binti yako nikamtafutia nafasi awamu ya Julai. Mama Nusrat nilimkataza asikwambie mpaka barua itoke, isije ikakwama ukaumia mara ya pili."

Akafungua droo. Barua ilikuwepo. Jina la Kokulinda limechapwa, sahihi ya juzi.

"Basi ichane hiyo niliyoandika, baba. Nakuomba."

Akamwangalia mzee wa kamati. Mzee akatikisa kichwa.

"Ikishagongwa muhuri inakwenda kwa wafadhili," Machibya akasema. "Kilichosemwa kwa mdomo niliweza kukibeba mwenyewe. Hiki siwezi. Nusrat anasimamishwa masomo kuanzia kesho. Kurudi, sina ahadi."

Akanipa barua yangu. Nikaipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo tulivyofundwa.

Ninyi mnaosoma huku mmekaa, sina elimu ya kuwafundisha. Nawaambia nilichokiona tu. Kijicho kinakuonyesha sahani ya jirani, hakikuonyeshi kwamba jirani alishakukatia fungu lako na anasubiri kipoe. Ukiona unakwenda kusema ukweli na miguu inakimbia, rudi nyumbani. Ukweli wa namna hiyo hauna haraka ya Mungu.

Nilifika nyumbani saa kumi. Sijakaa, Mastura akaingia bila hodi, uso wote unacheka. Mtu alikuwa amemwambia kaniona naelekea ofisini.

"Wamekupa? Wamekupa, eti? Lete nione."

Akaichukua barua mkononi mwangu. Akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akalirudia jina la Koku mara mbili.

"Mama Koku, mdomo nimeubana mpaka taya zinauma. Sasa watakwenda wote, na zile ovaroli zao kama mapacha."

"Mama Nusrat."

"Tutapika pilau. Kuku ni wangu."

"Mastura, kaa chini. Sikwenda kuchukua barua. Nilikwenda kukusema."

Akadhani natania. Nikamweleza yote. Karatasi, sahihi, muhuri. Nikamwambia na lile la kesho.

Hakulia. Aliikunja barua ya mwanangu vizuri, kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka mezani, akailaza kwa kiganja isipeperuke.

Akajitanda khanga yake, akatoka.